Kazi ya ofisini inapokuumiza: kuacha au kubaki?

Ofisi haina jua kali la shambani wala vumbi la barabarani, na kwa sababu hiyo ndugu zetu wengi hawaamini kwamba inaweza kumwumiza mtu. Husema: "Huyo anakaa kitini, kivulini, feni inamzungukia kichwani, mwisho wa mwezi anachukua mshahara, anaumwa nini?" Karani anayelalamika kwamba amechoka huonekana mvivu au mwenye deko. Nyumbani nako huambiwa avumilie, maana wako wengi mlangoni wanaoitafuta nafasi yake. Basi anavumilia. Anavumilia mpaka siku anapoanguka mezani pake, na hapo watu wote hushangaa na kuulizana nani amemroga.

Sisi hatushangai. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao: katika mwaka 2016 peke yake, vifo vipatavyo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo duniani vilitokana na watu kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Mtu wa namna hiyo, akilinganishwa na mwenzake wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi imezidi kwa asilimia 35, na ile ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Msomaji asidhani kwamba saa 55 ni jambo la Wajapani tu. Anayeingia ofisini saa mbili asubuhi na kutoka saa moja usiku, akila chakula cha mchana huku anaandika, siku tano za wiki, tayari ameshafika 55. Hapo hatujaigusa Jumamosi, wala foleni ya Mbagala, wala ujumbe wa mkubwa wa kazi unaoingia kwenye simu saa nne usiku.

Kwa hiyo swali la kuacha kazi si la deko. Ni swali la afya, na ndiyo maana tunalileta katika ukurasa huu. Lakini twaona kwamba wengi hulijibu vibaya kwa namna mbili. Kuna wale wa "vumilia tu", ambao wangemwambia hivyo hata mtu anayetokwa damu. Na siku hizi wamezuka wengine, hasa katika simu, wanaowahimiza vijana waandike barua leo hii waondoke, wakajiajiri, eti maisha ni mafupi. Hatukubaliani na hawa wala wale, na tutajaribu kueleza kwa nini.

Mwili haujui ofisi

Ukikutana na nyoka njiani, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo huenda mbio, mishipa hukaza, ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu, tumbo huacha kwanza kusaga chakula. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Ukishamkimbia nyoka, mambo hutulia. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alieleza jinsi mwili unavyojibu kwa namna moja hata madhara yanapokuwa ya aina mbalimbali, na jinsi unavyoishiwa nguvu madhara hayo yakidumu.

Shida ya ofisi ni kwamba nyoka wake haondoki. Huwezi kumpiga mkubwa wako, na huwezi kumkimbia kwa sababu kesho saa mbili atakuwapo. Mwili hukaa umejiandaa mchana kutwa, wiki baada ya wiki. Usingizi hukatika saa tisa za usiku. Shingo na mabega hukaza, kichwa huuma kwa nyuma, mtu hukasirikia watoto kwa kijiko kilichoanguka. Wengine hula ovyo, wengine hawali. Wengine huanza na bia moja "ya kupunguza mawazo", na baada ya miezi sita ni nne.

Zamani ilidhaniwa kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wakubwa, mameneja wenye majukumu mengi. Uchunguzi uliofanywa kwa watumishi wa serikali mjini London, ulioanza mwaka 1967, ulionyesha kinyume chake: watumishi wa ngazi za chini ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 kwa watumishi 10,308, wanaume kwa wanawake, ulitazama pia jinsi kazi ilivyopangwa. Wale wasiokuwa na sauti juu ya kazi yao, walioambiwa tu cha kufanya na namna ya kukifanya, walipata zaidi ugonjwa wa moyo. Tayari mwaka 1979 Mmarekani Robert Karasek alikuwa ameandika kwamba kazi inayoumiza ni ile inayodai mengi huku ikimnyima mfanyakazi nafasi ya kuamua lolote. Mtu anaweza kubeba mzigo mkubwa na bado akalala vizuri, iwapo yeye ndiye anayepanga autue wapi na lini. Nani kati ya wasomaji wetu makatibu muhtasi, makarani wa masijala na wahasibu wasaidizi hataliona jambo hilo katika meza yake mwenyewe?

Uchovu wa kazi uliokithiri nao umepata jina rasmi. Daktari Herbert Freudenberger wa New York aliueleza mwaka 1974, na Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha yake ya magonjwa na matatizo ya afya inayotumika tangu Januari 2022. Halikuuita ugonjwa, limeuita hali itokanayo na kazi. Dalili zake ni tatu: mtu kuishiwa nguvu, mtu kuichukia kazi yake au kuidharau hadi haoni maana yake, na mtu kuona hana analolifanya likafaa. Aliye na zote tatu hajachoka uchovu wa Ijumaa jioni.

Kabla ya kuilaumu ofisi

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa maana ndipo watu wanapoumia bila sababu.

Si kila uchovu unatoka ofisini. Tulimwona kijana mmoja, hatutataja mji wake, aliyekuwa akifanya kazi katika kitengo cha mikopo. Alichoka mno, alikonda, usiku hakulala kwa sababu aliamka mara nne kwenda kukojoa, na mchana alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Wenzake wote walijua sababu: lile lengo la mikopo la kila mwezi. Naye alijua hivyohivyo. Akaandika barua, akaondoka, na kadi yake ya bima iliyokuwa ikilipiwa na mwajiri ikakoma pamoja na ajira. Wiki saba baadaye aliletwa hospitali hajitambui. Alikuwa na kisukari, na huenda alikuwa nacho tangu mwaka uliotangulia. Kipimo cha tone moja la damu kidoleni kingelijibu swali lake kabla ya barua ile, wakati bado bima ipo. Sasa nduguze ndio waliochangishana.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaamua lolote nenda ukapimwe, na uende ukiwa bado na bima. Pima sukari. Pima wingi wa damu, hasa mama anayetokwa na hedhi nyingi, maana upungufu wa damu huleta uchovu na moyo kwenda mbio kana kwamba mtu ana wasiwasi. Daktari akiona dalili za tezi ya shingo, atapima nayo. Pima presha, tena kwa utaratibu: keti kimya dakika tano, usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita, mkono uwe mezani. Kipimo kimoja cha juu hakitoshi kukupa jina la mgonjwa wa presha. Kikifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, hapo kuna jambo. Ila kikiwa juu sana, mathalani 180 kwa 120, usingoje siku ya pili.

Neno juu ya vidonda vya tumbo, kwa kuwa kila mtu wa ofisini anayeumwa chembe ya moyo hutuambia ni "mawazo ya kazi". Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimgundua bakteria aitwaye Helikobakta pilori anayekaa tumboni, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Vidonda vingi husababishwa na bakteria huyo, au na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mawazo huongeza maumivu, hatukatai. Lakini mwajiriwa anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya kichwa kinachomwuma, halafu akaacha kazi kwa sababu ya tumbo, ameacha kazi na kidonda amekichukua kwenda nacho nyumbani.

Kuna pia sonona. Mtu anayekaa na huzuni, au asiyefurahia tena chochote, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki mbili au zaidi, huenda ana maradhi hayo. Huyu kila kitu hukiona cheusi: kazi, ndoa, hata jumuiya aliyokuwa akiipenda. Ushauri wetu kwake ni kwamba asiamue jambo kubwa kwanza. Atibiwe, kisha aitazame tena kazi ile. Wengine huogopa, wakidhani kliniki ya afya ya akili maana yake ni kupelekwa Mirembe. La hasha. Hospitali za mikoa hutibu maradhi haya, na wagonjwa wengi huenda wakarudi nyumbani siku hiyohiyo. Na mtu yeyote anayeanza kufikiri kwamba heri afe, huyo asingoje kliniki ya wiki ijayo. Amwambie mtu leo, na apelekwe hospitali leo.

Kama vipimo vyote ni salama, kipo kipimo kingine kisichouzwa dukani, nacho ni likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo yenye malipo. Wengi hawaichukui. Huiuza, au huikatakata siku mbili za msiba na tatu za kufuatilia kiwanja. Sisi twasema: ichukue yote, simu ya kazi izime, kisha ujitazame. Ukiona usingizi umerudi wiki ya kwanza au ya pili, hamu ya chakula imerudi, unacheka na watoto, halafu jioni ya kuamkia siku ya kuripoti tumbo likajikunja kama ngumi, jibu umelipata: ni kazi. Lakini ukiwa wiki ya tatu na hali ni ileile, tafuta kwingine. Pengine ni mwili, pengine ni nyumba.

Kitu gani hasa?

"Kazi inaniua" si maelezo ya kutosha. Tunapowauliza watu waeleze, mara nyingi twagundua kwamba kinachowaua si kazi yote. Kwa mmoja ni msimamizi anayefoka mbele ya wateja. Kwa mwingine ni safari ya saa tano za daladala kwenda na kurudi, ambayo ingekwisha kama angehamia tawi lililo karibu. Kwa mwingine ni lile kundi la WhatsApp la idara, ambalo halilali. Kwa mwingine ni kukaa dirisha la fedha akihofia upungufu utakaokatwa katika mshahara wake.

Jambo likishapata jina, linaweza kuombwa. Omba kwa maandishi, kwa lugha ya heshima, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Tunajua jibu mara nyingi ni kimya. Hata hivyo ni vizuri kujua kilicho chako. Sheria hiyo tuliyoitaja inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na si zaidi ya tisa kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. (Wenye vyeo vya uongozi masharti hayo ya saa hayawahusu, ndiyo maana wengine hupewa cheo pasipo nyongeza ya maana.) Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kila miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari anayetambulika. Mtu aliyechoka hadi kuugua hana sababu ya kuificha karatasi ya daktari mfukoni kana kwamba ni karatasi ya wizi.

Wakuu wa ofisi nao wanausoma ukurasa huu, basi tuseme nao kidogo. Ujumbe wa saa nne usiku ungeweza kungoja saa mbili asubuhi. Mtu aliyepumzika hukosea hesabu mara chache. Wala ofisi za taasisi za dini, shule na hospitali zikiwamo, hazijasalimika na tabia hiyo. Wakati mwingine kwetu huitwa "moyo wa kujitoa", na wanaojitoa ni walewale watatu.

Hesabu ya nyumbani

Mshahara wa mtu mmoja huku kwetu si wa mtu mmoja. Humo mna ada, mna dawa za mama kijijini, mna mdogo wa mwisho aliyeko chuoni, mna mchango wa harusi. Kwa sababu hiyo hatuwezi kumwambia msomaji "fuata moyo wako", kama wasemavyo wengine. Moyo wake una watu saba ndani.

Kinachowafunga wengi, tena kuliko watoto, ni mkopo. Mtu amekopa benki, akakopa na SACCOS, na sasa anapokea sehemu ndogo tu ya mshahara wake. Huyo akifokewa hawezi kusema neno, na kule kushindwa kusema ndiko kunakompandisha presha. Twamshauri yeyote anayehisi kwamba kazi yake inamdhuru asikope tena hata shilingi. Kila mkopo mpya ni mwaka mwingine katika kiti kile. Kumaliza deni ni dawa ya presha isiyoandikwa na daktari.

Halafu kuna fedha za mfuko. Mtu akiacha kazi kwa hiari yake asitegemee lile fao la kukosa ajira la NSSF. Hilo ni la aliyepoteza kazi si kwa kupenda kwake. Wala kiinua mgongo cha kisheria, yaani siku saba za mshahara kwa kila mwaka mzima wa kazi, hadi miaka kumi, hakilipwi kwa aliyejiondokea tu. Malipo ya likizo aliyoichuma ni haki yake, na cheti cha utumishi pia ni haki yake. Avidai vyote viwili. Uliza pia mapema bima itakoma siku gani, na namna gani wewe na watoto mtapata nyingine.

Wengi hutuambia watafuga kuku. Hatuna neno baya juu ya kuku. Ila kuku wa nyama hawajui Jumapili, hawajui msiba, na ugonjwa ukiingia bandani usiku mmoja unaweza kuondoka na mtaji wote. Aliyekimbia ofisi kwa sababu ya wasiwasi atakutana na wasiwasi bandani, tofauti ikiwa kwamba huko yeye ndiye mwenye uamuzi, na kama tulivyoona, hiyo ni tofauti kubwa kwa moyo. Lakini heri aanze na kuku hamsini akiwa bado na mshahara, kuliko mia tano akiwa hana.

Haya yote yazungumzwe nyumbani kabla ya barua kuandikwa. Tumeona waume walioondoka nyumbani kila asubuhi wamevaa tai miezi miwili baada ya kuacha kazi, wakashinda bustanini wakisoma magazeti, kwa kuogopa kumwambia mke. Hilo ni zigo jipya juu ya lile walilolitua.

Wakati wa kuondoka

Je, twasema basi mtu abaki? Hapana. Ziko hali ambazo sisi tungemwambia aondoke, na wakati mwingine aondoke upesi.

Ukilazimishwa kutia sahihi hesabu unazojua ni za uongo, kila siku unayobaki unakusanya kesi yako mwenyewe. Ukidaiwa ngono ili upandishwe cheo au usifukuzwe, hiyo ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja katika kifungu chake cha 25. Nenda TAKUKURU, wala usikae ukingoja mtu abadilike. Ukipigwa, ukitukanwa matusi ya nguoni, ondoka. Na daktari aliyekufuatilia kwa miezi akikwambia kwamba presha yako haishuki kwa dawa unazomeza vizuri, na wewe mwenyewe umeona kwamba inashuka likizo na kupanda kazini, usimfanye mzaha.

Mwajiri akifanya kazi isivumilike, sheria humhesabu kana kwamba yeye ndiye aliyekuachisha. Lakini itakubidi uthibitishe, na zile nakala zenye mhuri ndipo zinapofanya kazi. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hufika mwezi wa tatu, wakati hasira imeisha na njaa imeanza.

Kwa wengine, kuondoka kuwe kwa mwendo wa pole. Tulimfuatilia mama mmoja wa miaka 41, mtunza fedha wa ofisi moja. Alikuja presha ikiwa 170 kwa 110, hajachukua likizo miaka miwili. Alianza dawa, akachukua siku zake 28, presha ikashuka hadi 138 kwa 88. Aliporudi aliomba kuhamishwa kutoka dirisha la fedha, hata kama ni masijala. Akakataliwa kwa mdomo, akaomba kwa barua, asijibiwe. Hakuondoka siku ile. Alihesabu kwamba mkopo wake ulikuwa umebakiza miezi minane, akakaa miezi minane. Alituambia kwamba miezi ile ilikuwa tofauti na ile ya mwanzo, ingawa matusi yalikuwa yaleyale, kwa sababu sasa alijua tarehe ya mwisho. Mwezi wa tisa alitoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi, akakabidhi funguo na vitabu kwa maandishi, ukurasa kwa ukurasa, mbele ya shahidi. Sasa anawatunzia hesabu wafanyabiashara watatu wa sokoni. Hapati hata nusu ya mshahara wa zamani. Mtoto wake wa pili amehamishwa kutoka shule ya kulipia kwenda ya serikali, na hilo bado linamwuma, hakutuficha. Analala saa saba.

Je, alifanya vema? Wapo watakaosema ada ya mtoto ingetangulia. Sisi twadhani mtoto yule anahitaji mama mwenye pande zote mbili za mwili zinazofanya kazi kuliko anavyohitaji basi la shule la rangi ya njano. Lakini tunakiri kwamba ni rahisi kusema hivyo kwa mtu asiyelipa ada ile.

Baada ya barua

Anayeacha kazi asitegemee kufurahi wiki ya kwanza. Wengi huugua hasa wakati huo: mafua, mgongo, usingizi wa mchana kutwa. Kisha huja aibu. Jirani anauliza, "Leo hukwenda kazini?" na swali dogo kama hilo humchoma mtu. Wanaume huteseka zaidi katika jambo hili, na ndipo kilabu cha pombe kinapokuwa ofisi mpya. Endelea kuamka saa ileile. Tembea nusu saa kabla jua halijawa kali. Uwe na jambo moja la kufanya kila siku nje ya nyumba, hata kama halina malipo.

Na vidonge vya presha usiviache. Kila mwaka tunawapata watu waliotupa dawa siku walipotupa kitambulisho cha kazi, wakidhani kilichowapandisha presha kimebaki kule ofisini. Mishipa iliyokaza kwa miaka kumi haisomi barua za kuacha kazi. Rudi kliniki kila mwezi kama ulivyokuwa ukirudi, peleka daftari lako, na daktari ndiye atakayeamua kupunguza dozi atakapoona vipimo vya miezi kadhaa. Asiye na bima asiache kufika kwa sababu hiyo. Zahanati nyingi hupima presha kwa fedha kidogo, na zipo dawa za presha za bei nafuu ambazo daktari anaweza kukuandikia ukimweleza waziwazi kwamba mshahara haupo tena.